Ukuta Unaopumua

Asubuhi ile Chiriku alimaliza yai lake lote akaomba jingine, na shangazi yake akaanza kulia.

Hayakuwa machozi ya furaha. Shangazi alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi, mwanamke mrefu mwenye mdomo usiojua kumung'unya neno, na alilia kwa hasira huku akimnyooshea mpelelezi kidole chenye alama za sindano.

"Umeona mwenyewe, afande. Mtoto huyu aliletwa hapa midomo imebadilika rangi, mbavu unazihesabu kila akivuta pumzi. Leo anadai yai la pili. Na hii si mara ya kwanza. Kila akilazwa hapa, anapona. Kila akirudi kwa yule mwanamke, anaugua. Unataka ushahidi gani tena? Uje umefungwa utepe?"

"Nakusikiliza," alisema mpelelezi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka yangu amemwingiza ndani kwa mkono wake mwenyewe."

Mpelelezi alitazama sahani tupu ya yai. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja, na kituoni walimwita Bi Taratibu kwa sababu hakuwahi kumkimbiza mtu wala swali. Wezi wa mji ule walikuwa na msemo wao: afadhali kofi la askari mwingine kuliko "halafu?" ya Bi Taratibu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mtoto wa miaka minane amefiwa na mama, baba ameoa tena, mtoto ameanza kuugua kifua. Shangazi alikuwa amemwona mama wa kambo akimimina kitu sakafuni, kwenye korido, karibu na mlango wa chumba cha mtoto. Akapekua, akakuta chupa imefichwa chini ya kitanda, akaipeleka polisi. Lakini kabla polisi hawajafika nyumbani, mtaa ulikuwa umeshafika. Dirisha la mbele lilivunjwa kwa mawe, na mama wa kambo akatolewa katikati ya watu waliokuwa wakimzomea: mchawi, mchawi. Sasa alikuwa mahabusu. Kesho yake ilikuwa lazima apelekwe mahakamani au aachiwe, na kesho hiyo hiyo Chiriku angeruhusiwa kwenda nyumbani.

Tatizo lilikuwa mkemia. Majibu ya maabara yalimkuta Bi Taratibu akiwa bado anapanda ngazi za hospitali: damu ya mtoto haina sumu, mabaki ya chakula hayana sumu, na kilichokuwa kwenye chupa ni dawa ya kuondoa madoa, ile inayouzwa kila duka.

"Dawa ya madoa nayo inaua," alisema shangazi alipoambiwa.

"Inamuua anayeinywa. Huyu angekuwa ameungua koo. Yai lingemshinda."

"Basi amemroga."

"Hilo maabara hawapimi, dada yangu. Hebu nitafutie yai la pili."

Shangazi alipotoka, Bi Taratibu alivuta kiti. Nyuma yake, miguuni pa kitanda, alisimama koplo wake, jitu lenye kifua kama mlango wa ghala. Chiriku alikuwa kadogo, macho makubwa. Jina lile walimpa kwa kuwa zamani alikuwa haishi kuimba na kupiga soga. Siku hizi alisema maneno machache, akapumzika, akasema mengine.

"Usiku ukikohoa, nani anakuja?"

"Mama mdogo. Ananipa maji. Ananisugua mgongo."

"Halafu?"

"Halafu anarudi kulala."

"Halafu?"

Mtoto aliangalia mlangoni kama shangazi yake yuko karibu. "Halafu naenda kwa mama."

"Mama mdogo?"

"Hapana. Mama."

Kalamu ya koplo ilisimama.

"Mama yako yuko wapi, Chiriku?"

"Ukutani. Usiku nyumba ikinyamaza unamsikia. Anapumua hivi: fffff. Naenda kulala naye. Ana harufu yake ile ile." Kisha akaongeza, kama mtu anayemtoa mgeni hofu, "Hasemi kitu. Anapumua tu."

Nje, kwenye ngazi, koplo alivua kofia akajipangusa. "Afande, mimi jambazi namkamata. Mwenye panga namkamata. Lakini kama kazi hii ina marehemu anayepumua, naomba likizo yangu ya mwaka huu ianze leo."

"Likizo utapata. Kwanza tukamsikilize mtuhumiwa."

* * *

Mama wa kambo alikuwa msusi. Hata baada ya kulala mahabusu nywele zake zilikuwa zimesukwa barabara, mistari imenyooka, ila jicho moja lilikuwa limevimba pale jiwe lilipompata. Alikaa mikono imelala mezani kama mtu anayesubiri kukatwa kucha.

"Chupa ni yako?"

"Yangu."

"Kwa nini uifiche?"

"Kwa sababu mume wangu alinikataza kugusa ukuta."

"Ukuta upi?"

"Wa korido, ule unaopakana na chumba cha mtoto. Unatoa madoa meusi kwa chini, kama mtu amepangusia masizi. Akienda kazini nayasugua. Siku chache hayapo, halafu yanarudi. Nikimwambia, ananuna. Yeye ni fundi rangi, ukuta ule kaupaka mwenyewe, nani wa kumfundisha?"

"Halafu?"

"Halafu nikanyamaza." Alicheka kidogo, bila raha. "Afande, mimi nimeolewa kwenye nyumba ya marehemu. Nikihamisha kikombe, naambiwa marehemu alikuwa anakiweka pale. Nikifungua dirisha, marehemu alikuwa hapendi. Sasa nikisema ukuta unanuka, si nitaambiwa ninasema yeye ndiye ananuka?"

"Unanuka?"

"Uvundo. Kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni."

Bi Taratibu alilirudia neno lile mdomoni, kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Wewe unakohoa?"

"Hapana. Mimi na mume wangu tunalala chumba cha mbele."

"Huyu mtoto amewahi kulala mbali na nyumba ile? Hospitali usiitaje."

"Likizo ya shule. Nilimchukua kwetu, kwa mama yangu. Tulikaa mpaka shule zinafunguliwa."

"Nani alikuwa anampikia?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Anakula mkononi mwako, analala karibu nawe?"

"Kitanda kimoja."

"Na kifua?"

Msusi alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Alitazama meza. "Alikuwa anakimbizana na mbuzi," alisema polepole. "Kutwa nzima. Jioni nambembeleza aingie ndani. Kikohozi... hakuwa nacho. Tuliporudi, haikupita wiki kikaanza."

"Kwa nini hukumwambia mtu jambo hili?"

"Hakuna aliyeniuliza, afande. Wote waliniuliza nilimpa nini."

Bi Taratibu alitoka nje, akampigia simu shangazi. Hakumweleza kitu. Alimuuliza swali moja tu: wakati wa likizo, alimwona mtoto?

"Nilimfuata huko huko kwao," ilijibu sauti ya shangazi. "Nilikuwa namtilia shaka mwanamke yule tangu zamani. Nikamkuta Chiriku anaruka kamba, mashavu yamejaa. Nikasema, huyu mwanamke hodari, anajua kujipendekeza mbele ya wageni."

"Ahsante. Umenisaidia sana."

"Nimekusaidia nini?"

Lakini Bi Taratibu alikuwa ameshakata. "Koplo, shahidi mzuri ni yule anayekuchukia," alisema. "Mtoto anapona hospitalini, mbali na mama wa kambo. Anapona pia kwa bibi, akiwa na mama wa kambo. Nini hakipo hospitalini, na hakipo kwa bibi?"

Koplo alifikiri. Uso wake ukasawajika. "Marehemu," alisema.

"Nyumba," alisema Bi Taratibu. "Chukua glavu na mifuko ya ushahidi."

* * *

Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Bi Taratibu. Kuta za sebuleni ziling'aa kama sahani, na hewa ilinukia rangi mbichi. Kwenye dirisha lililovunjwa walikuwa wamebandika kipande cha katoni, na mwanga uliingia wa kahawia, kama ndani ya chupa ya dawa.

Baba yake Chiriku aliwafungulia bila kuuliza hati ya upekuzi. Alikuwa mwembamba, kucha zake zimekaa rangi isiyotoka. Walipofika korido aliwatangulia, lakini mlangoni mwa chumba cha mtoto alisimama, akawapisha.

"Wewe huingii?" aliuliza Bi Taratibu.

"Naingia. Si mara nyingi."

Ndani kulikuwa na baridi. Jua lilikuwa kali nje, watu wa mtaani walijikinga vivulini, lakini mle ngozi ilisisimka. Kitanda kidogo kilisogezwa hadi kwenye ukuta wa korido. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari.

"Nani kapigilia?"

"Mimi. Walisema kifua chake hakitaki upepo."

Kando ya kitanda lilisimama kabati kubwa la mbao nzito, la milango miwili, limekaa chumbani kama mtu mzima aliyeingia darasa la watoto. Mgongo wake uliuelekea ukuta ule ule, ukiacha mwanya mwembamba.

Bi Taratibu alivua glavu moja, akaweka kiganja ukutani. Rangi ilikuwa ya kijani hafifu, laini, mkono wa fundi hasa. Akabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikabonyea kama utandu juu ya maziwa yaliyochemshwa, ikapasuka, na maji ya rangi ya chai yakamtiririka kwenye kidole.

Nyuma yake koplo alipiga chafya. Kisha nyingine. Ya tatu ilimkunja jitu lile kiunoni.

"Pole," alisema Bi Taratibu.

"Macho yanawasha." Alivuta pumzi, na kifuani mwake kikasikika kitu kama filimbi ndogo. Akajishika kwa mshangao. "Afande, hiki kifua hakijanipigia filimbi tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa na pumu. Mama alisema imekwisha."

"Toka nje. Sasa hivi. Ukishapata pumzi nitakupa kazi nyepesi."

Koplo alitoka bila kubisha. Chumba kikawa kimya, na katika ukimya ule Bi Taratibu aliisikia.

Fffff.

Ilikuwa ndogo, ndefu, isiyochoka. Nywele za shingoni zilimsimama, naye hakuona aibu, maana mwili una akili zake. Aliangalia mlangoni. Fundi rangi naye alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama, na usoni mwake hapakuwa na woga hata chembe. Alikuwa na sura ya mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Huwa unaisikia?" alimuuliza.

"Usiku. Zamani nilidhani ni masikio yangu."

"Na sasa unadhani ni nini?"

Aliinamisha kichwa zaidi, asikilize.

Bi Taratibu alikwenda sebuleni, akapaza sauti kupitia katoni ya dirishani. "Koplo! Tafuta koki kubwa ya maji hapo nje. Ifunge."

Alirudi, akaweka sikio ukutani penye baridi. Pumzi iliendelea, ikapungua, ikawa kama ya mgonjwa anayeaga. Ikakatika.

"Ifungue!"

Ukuta ukaanza tena kupumua.

"Una bomba lililopasuka humu ndani," alimwambia fundi rangi. "Maji yanatoka kwenye tundu dogo. Ndiyo sauti hiyo. Limekuwa hivi miaka mingapi?"

Mwanamume yule aliegemea kizingiti. Ungedhani amepewa habari ya msiba. "Ni bomba tu?"

"Bomba tu. Nipe ufunguo wa kabati."

"Mle hamna kitu, afande. Nguo za marehemu tu. Hazijaguswa."

"Ufunguo."

"Umepotea."

Hakubishana naye. Alipiga magoti, akawasha tochi, akamulika mwanya kati ya kabati na ukuta. Ukuta pale nyuma haukuwa wa kijani tena. Ulikuwa mweusi, mweusi wa sufuria ya kuni, na juu ya weusi ule kuvu ilikuwa imeota manyoya ya kijivu. Ubao wa mgongoni mwa kabati ulikuwa umelowa ukafumuka kama katoni kwenye mvua, na chini, pembeni, palikuwa na uwazi wenye upana wa mabega ya mtoto. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kupitwapitwa. Mbele ya uwazi ule ilikuwa imeangukia soksi moja ndogo.

Aliitoa kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye mfuko wa ushahidi, akamwonyesha.

"Fundi, mwanao anaingia humu."

"Haiwezekani. Limefungwa."

"Umelifunga kwa mbele."

Fundi aliitazama ile soksi kupitia nailoni. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akatoa ufunguo.

Kabati lilipofunguka, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilikuwa ya udongo, ya pango, ya kitu kilichokaa gizani kikinenepa. Na chini ya hiyo, kwa mbali sana, manukato ya mwanamke. Fundi rangi alifumba macho, akanyanyua uso, akavuta pumzi ndefu. Bi Taratibu alimshika shati akamrudisha nyuma kwa nguvu.

"Usivute! Funika pua yako!"

Kwenye mwanga wa tochi vumbi lilipanda bila haraka, jepesi kuliko unga. Magauni yalikuwa yametundikwa kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Ukungu ulikuwa umeyapanda kutoka pindoni, madoa meusi, kisha manyoya ya kijivu, na kwenye mabega ya gauni la harusi kuvu ya kijani ilikuwa imetulia kama shali. Chini, kwenye sakafu ya kabati, palitandikwa koti zito la baridi. Katikati ya koti palibonyea. Umbo lilisomeka bila taabu: hapa kichwa, hapa magoti yaliyokunjwa. Mtoto alikuwa akilala hapo, uso ndani ya nguo za mama yake, akivuta hewa ile mpaka alfajiri.

Bi Taratibu alifunga milango. Alimtoa mwenye nyumba hadi uani, akamkalisha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Koplo alikuwa pale, amepata pumzi, daftari mkononi.

"Kwa nini ulilifunga?"

"Ili harufu yake isitoke." Alisema hivyo wazi, kama mtu anayetaja anwani. "Watu waliniambia nizigawe nguo. Nikasema bado. Ukifunguafungua, harufu inaisha."

"Aliugua nini, mkeo?"

"Kifua. Walimpima kifua kikuu, hakuna. Wakampa dawa za pumu. Akilazwa, anapata nafuu. Akirudi nyumbani..." Bi Taratibu hakusema "halafu?". Safari hii halikuhitajika. Aliyaona maneno yakimgeukia aliyeyasema na kumwangalia.

"Alikuwa analala wapi?" aliuliza Bi Taratibu.

"Mle. Kilikuwa chumba chetu. Kitanda kilikaa pale pale. Alipokufa nikashindwa kulala humo, nikahamia mbele. Mtoto alikuwa anamlilia mama yake kila siku, nikaona nimpe chumba cha mama yake. Nilidhani nampa faraja."

"Na ukuta?"

"Kila mvua zikiisha naupaka upya." Alitazama mikono yake. "Mke wangu wa sasa aliniambia. Nikamwambia asiguse."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna maji. Nilidhani ya mvua. Sikujua maji yanaweza kufika kwenye pumzi ya mtu."

"Andika hivyo hivyo, Koplo. Neno kwa neno."

Koplo aliandika. Halafu alifanya jambo lisilo la kipolisi: alimwekea mtu yule mkono begani, akauacha hapo.

* * *

Daktari wa watoto alipokea mifuko ya ushahidi, akaiinua kwenye mwanga. Alikuwa kijana mwenye miwani na koti lenye doa la chai. Aliisikiliza hadithi yote amesimama, na ilipofika kwenye koti lililobonyea, alikaa.

"Huwa tunauliza kuhusu moshi," alisema. "Tunauliza kuhusu paka, mbwa, mito ya manyoya. Nilimuuliza baba kama nyumba ina unyevu. Akasema ameipaka rangi."

"Hakudanganya."

"Hapana." Alivua miwani. "Kuvu inatoa vumbi dogo mno, lisiloonekana kwa jicho. Mtu mmoja anaivuta, haimfanyi kitu. Mwingine kifua chake kinaichukia, kinapigana nayo, na katika kupigana kinajiumiza chenyewe. Mapafu yanavimba. Mtoe kwenye vumbi lile, anapona. Mrudishe, anaanza upya, na kila mara anaanzia pabaya zaidi. Nitampima damu, majibu yatakawia kidogo. Lakini naandika sasa hivi kwamba mtoto huyu asirudi kwenye nyumba ile."

"Angerudi kesho," alisema Bi Taratibu. "Shangazi yake angehamia pale kumlea. Wangelala wote chumba kile."

"Na mama wa kambo angekuwa jela," alisema daktari.

"Na mtoto angekufa mikononi mwa anayempenda, hata asijue amtuhumu nani."

Kisha daktari akauliza kuhusu mama mzazi, naye Bi Taratibu akamwambia. "Siwezi kumpima aliyezikwa," alisema daktari. "Ninaweza tu kukwambia kwamba ningekuwa mume wake, nisingelala."

Mkuu wa kituo alitia sahihi ya kumwachia mtuhumiwa bila maneno mengi. Lakini Bi Taratibu hakumfungulia mara moja. Alimwita kwanza shangazi ofisini, akafunga mlango, akamweleza kila kitu, soksi na koti na bomba. Shangazi alisikiliza. Mdomo ule ulikosa neno.

"Mtaa ulimpiga mawe kwa kauli yako," alisema Bi Taratibu. "Mimi nikienda kuwaambia hana hatia, watasema polisi wamekula kitu kidogo. Wewe wakikusikia, wataamini."

"Nitamtazama vipi, afande?"

"Kwa macho. Hakuna njia nyingine."

Langoni mwa kituo wanawake wawili walisimama wakitazamana. Shangazi alianza sentensi, ikamshinda, akaanza nyingine. Mwishowe akasema tu, "Wifi, jicho lako."

"Litapona."

"Twende mtaani. Niliwaambia mimi, nitawaambia mimi."

"Nitakwenda kuchukua nguo zangu na za mtoto. Kulala kwenye nyumba ile, silali." Msusi alikaza mtandio. Alitazama upande ambapo mume wake alisimama mbali, kando ya ukuta wa kituo, kama mtu asiyejua kama amealikwa. "Namchukua mtoto wangu kwetu mpaka abomoe ukuta ule wote na kuujenga upya. Mwambie kaka yako."

Shangazi alilisikia neno lile, mtoto wangu. Alilimeza. "Nitamwambia," alisema.

* * *

Asubuhi iliyofuata Bi Taratibu alifika wodini kuchukua maelezo ya mwisho ya daktari. Aliwakuta wote wanne, na alijua kabla hajafika kitandani kwamba kuna jambo limeharibika.

Chiriku alikuwa amevalishwa tayari, viatu miguuni. Alikuwa anamtazama mama yake wa kambo bila kupepesa.

"Umezichoma nguo za mama," alisema. "Mgonjwa wa kitanda kile amesikia watu wanasema."

Shangazi alifungua mdomo, lakini baba ndiye aliyetangulia. Alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya wauguzi na wagonjwa.

"Ni mimi. Nimezitoa mimi, nimezichoma mimi, jana, uani. Zilikuwa zinakuumiza, mwanangu."

"Mama haniumizi."

"Mama hakuumizi. Ni ukuta wa baba ndio uliokuumiza. Maji yalikuwa yanavuja, mimi nikapaka rangi juu yake."

"Na yule anayepumua?"

Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akamtazama hata mpelelezi aliyesimama mlangoni. Hakuna aliyemsaidia, maana hilo halikuwa la mtu mwingine kulisema.

"Lilikuwa bomba," alisema.

Mtoto hakulia. Alilala vile vile na viatu vyake, akageuza uso upande wa mto. "Sasa sitamsikia tena," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu mzima. Bi Taratibu alikuwa amesikia watu wengi wakisomewa hukumu. Hakuwahi kusikia hukumu ikipokelewa hivi.

Msusi alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakumgusa.

"Mimi sikumjua mama yako," alisema. "Nimekaa nyumbani kwake muda wote ule, na hakuna aliyewahi kuniambia alikuwa mtu wa namna gani. Sijui hata alikuwa anachekaje."

Gari la kugawa dawa lilipita koridoni, gurudumu moja likilia.

"Kwa pua," ulisema mto.

Shangazi alishika mdomo. "Kweli tupu," alisema, machozi yanamtoka, cheko linamtoka. "Kama mbuzi aliyepaliwa na maji."

"Si kama mbuzi!" Chiriku aliinuka akakaa, amekasirika, nywele zimemsimama. "Shangazi hajui. Ni hivi."

Akajaribu. Kicheko kilikatikia njiani kikawa kikohozi kidogo, na watu wazima watatu wakaruka kumshika, naye akawanyooshea mkono wasubiri. Alisubiri kifua kitulie. Akavuta pumzi, akaangalia kama mama mdogo anasikiliza.

"Hivi," alisema. "Sikiliza vizuri. Hivi."